Barua Zilizobaki Kwenye Kompyuta ya Zamani

Mwalimu mmoja mstaafu alishuka kwenye matatu kutoka Runyenjes, akateremshiwa gunia lake mjini Embu, akalikumbatia hadi mlangoni kwangu. Ndani ya gunia mlikuwa na kompyuta, lile sanduku ambalo wengi wetu huliita sipiyu, imezungushiwa shuka ili isigongwegongwe njiani. Alipomaliza chai ndipo akasema shida yake. Binti yake alisoma Marekani miaka minne, na kila Jumapili alimwandikia baba barua pepe. Sasa mwalimu amenunuliwa laptopu mpya, haina hata barua moja ya wakati ule, na kijana aliyeiuza amemwambia hizo zimekwenda, asijisumbue.

Hazikuwa zimekwenda. Tulizipata karibu zote, na njia tuliyoipita ndiyo ninayotaka kukupitisha wewe uliye na kompyuta ya zamani iliyofunikwa kitambaa cha kufuma kule Nkubu, au mkebe wa CD zilizoandikwa "BARUA" kwa kalamu ya wino mzito kabatini Manyatta, au diski uliyochomoa ukaitia kwenye soksi ukasema utaishughulikia siku moja. Nakuomba uishughulikie mwaka huu. Diski haisubiri kama shamba linavyosubiri.

Jambo la kushika kabla ya yote ni hili: barua pepe ya zamani ni faili, kama picha au wimbo. Haimo "ndani ya intaneti", wala haikufungwa na ile programu uliyokuwa ukiisomea. Faili likiwa zima, barua ni nzima, hata kama programu ilikufa miaka ishirini iliyopita na kampuni iliyokupa anwani imefunga milango.

Zilikuwa zikikaa wapi

Kabla nyaya za SEACOM na TEAMS hazijafika Mombasa mwaka 2009, intaneti yetu ilipitia setilaiti, na huku upande wa Mlima Kenya mwenye kompyuta nyumbani au ofisini aliunganishwa kwa modemu na waya wa simu. Kila dakika ililipiwa. Kwa hiyo programu ilipiga simu, ikavuta barua zote kwa mkupuo, ikakata, nawe ukasoma na kujibu kwa utulivu bila gharama. Utaratibu huo huitwa POP3, na kawaida yake, usipouagiza vingine, ni kuishusha barua kwenye kompyuta yako kisha kuifuta kule ilikotoka.

Ona maana yake. Barua za mwaka 2003 za ofisi fulani mjini Embu, mji uliokuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, huenda zimebaki kwenye diski moja tu duniani. Vivyo hivyo barua za mfanyabiashara wa miraa wa Maua na wanunuzi wake wa London, kabla Uingereza haijapiga miraa marufuku mwezi Juni 2014. Hakuna seva inayomtunzia. Mtunzaji ni lile sanduku lililofunikwa kitambaa.

Waliokuwa wakienda saiba kufungua Yahoo au Hotmail hali yao ni nyingine. Barua zao hazikushuka kamwe. Zilisomwa zikiwa kwa mwenye huduma, na zikabaki huko. Ikiwa wewe ni wa kundi hili, liache somo hili hapa kwa dakika kumi na ujaribu kuingia kwenye akaunti yako ya zamani sasa hivi. Yahoo huzifunga akaunti zisizoguswa kwa miezi 12, na Google ilianza Desemba 2023 kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka miwili. Ukifanikiwa kuingia Gmail, tumia huduma ya Google Takeout uombe nakala ya barua zako. Utapewa faili la aina ya mbox, na faili hilo tutalifungua pamoja huko mbele.

Wapo pia waliochanganya yote mawili bila kujua, nyumbani programu, safarini saiba. Kwa hiyo usiseme haraka kwamba barua fulani haipo. Tazama pande zote mbili.

Usiiwashe

Najua mkono unawasha. Kompyuta imekaa stoo miaka minane, na jambo la kwanza unalotaka ni kubonyeza swichi uone kama bado inapumua. Tafadhali usibonyeze. Vumbi jekundu la kwetu hujaa kwenye feni na kwenye kisanduku cha umeme. Vile vikopo vidogo vilivyosimama kwenye bodi huvimba vichwa na uzee. Na umeme ukipita vibaya, diski inaweza kuungua pamoja na kila kilichomo. Hata kama itawaka salama, Windows ikianza tu huandika vitu vyake kwenye diski, na mahali pale pale inapoandika huenda palikuwa na barua iliyofutwa ambayo bado ingeweza kuokolewa.

Chomoa diski, uisome kutoka kwenye kompyuta mpya. Sanduku la mwalimu lilifunguka kwa skrubu mbili za nyuma. Diski ilikuwa upande wa mbele, chuma kizito cha ukubwa wa kitabu kidogo cha sala, na nyuma yake safu mbili za sindano na waya mpana bapa kama utepe. Ukiona sindano, hiyo ni diski ya aina ya IDE, ya zamani. Ukiona midomo miwili myembamba isiyo na sindano, ni SATA, ya baadaye. Zote mbili husomwa kwa adapta ya USB, ila hakikisha unapata adapta inayokubali aina yako, na kwa diski kubwa ya kompyuta ya mezani lazima adapta iwe na waya wake wa umeme, kwa sababu umeme wa tundu la USB hautoshi kuizungusha. Fundi wa laptopu mjini Meru au Embu huwa nayo. Akikosa, mtu wako wa Nairobi ataipata kwenye maduka ya Luthuli Avenue.

Diski ikishaunganishwa, itegee sikio. Mvumo wa taratibu ni mzuri. Ukisikia inagonga, ko, ko, ko, kama kucha juu ya bati, chomoa umeme papo hapo. Hiyo ni diski inayokufa, na kila dakika unayoiacha ikizunguka inajikwangua. Hapo kazi si yako tena wala si ya fundi wa simu wa mtaani. Ni ya wataalamu wa kuokoa data, na kadiri ulivyoihangaisha kidogo, ndivyo nafasi yao ya kufaulu inavyokuwa kubwa. Wengine watakushauri kuitia kwenye friji. Usiitie, unyevu utaimaliza.

Na kuhusu stima: fanya kazi hii kwenye laptopu yenye betri iliyojaa, na diski ya mezani uichomeke kwenye UPS ikiwa unaweza kuazima. Umeme kupotea katikati ya kunakili ni jambo la kawaida kwetu, na diski ya zamani haipendi kukatiwa ghafla.

Nakili kwanza, utafute baadaye

Ukiweza kuiona diski kwenye kompyuta mpya, usianze kuchagua hiki na kile. Nakili folda nzima ya mtumiaji. Kwenye Windows XP ilikuwa ndani ya folda iitwayo Documents and Settings, kisha jina la mwenyewe; kuanzia Windows Vista ikawa ndani ya Users. Windows mpya itakuambia huna ruhusa ya kufungua folda ya mtu mwingine. Kubali uendelee, ingoje, itakupa. Nakala hiyo iweke kwenye laptopu, kisha chomoa diski ya zamani uiweke mbali. Kuanzia hapo hutaigusa tena, na kila utakachokiharibu utakuwa umekiharibu kwenye nakala. Nimewaona watu wakifanya majaribio juu ya faili la asili, faili likafa mikononi mwao, wakabaki wameshika kichwa. Nakala mpya hupatikana kwa kunakili tena. Asili ikifa, hakuna pa kurudi.

Sasa tafuta. Iagize Windows ikuonyeshe mafaili yaliyofichwa, maana barua karibu zote zilikaa kwenye folda zisizoonekana, na hiyo ndiyo sababu wengi waliofanya bakapu kwa kuburuta folda ya Documents peke yake waliziacha barua nyuma bila kujua. Kisha, kwenye kisanduku cha kutafutia, andika nyota, nukta na tamati ya faili.

Anza na *.dbx. Hiyo ni Outlook Express, iliyokuja bure na Windows XP na ambayo nyumba na ofisi nyingi ziliitumia. Kila folda ya barua ni faili lake: Inbox.dbx, Sent Items.dbx na kadhalika. Yalijificha ndani ya folda iitwayo Identities, chini ya jina refu la namba na herufi lisilo na maana kwa binadamu. Usiogope jina hilo. Yakiwa mawili, huenda baba na mama kila mmoja alikuwa na kisanduku chake.

Kisha *.pst. Hiyo ni Outlook ya Microsoft Office, ndugu mkubwa, iliyopendwa maofisini. Barua zote, pamoja na anwani na kalenda, hukaa ndani ya faili moja kubwa.

Tafuta pia *.eml, ambayo ni barua moja moja za Windows Mail au Windows Live Mail, na *.mbx za Eudora kwa wale walioanza mapema sana. Mwisho tafuta *.msf. Hayo si barua, ni faharasa tu, lakini yanakuonyesha ilipo Thunderbird. Kando ya kila moja kuna faili la jina lile lile lisilo na tamati yoyote, na hilo ndilo lenye barua. Watu hulifuta wakidhani ni takataka kwa sababu halina sura ya kitu. Ni la thamani kuliko mengine yote yaliyo humo.

Sehemu ya anwani za watu kwenye Outlook Express ilikuwa faili tofauti lenye tamati ya .wab. Lichukue pia.

Kwa wenye CD

Ikiwa bakapu yako iko kwenye CD, kuna mtego mmoja ambao umewarudisha wengi nyumbani mikono mitupu. CD haiandikiki tena, na Windows za zamani zilipokuwa zikinakili faili kutoka CD, zililibeba pamoja na alama ya "soma tu". Programu za barua hutaka kuandika kidogo kwenye faili hata zinapolisoma, kwa hiyo zikikuta alama hiyo hugoma, na huleta ujumbe unaokufanya udhani faili limeoza. Halijaoza. Nakili faili hadi kwenye laptopu, libofye kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia Properties, ondoa tiki ya Read-only. Jaribu tena. Faili la .pst nalo usilifungue likiwa bado kwenye CD au kwenye flashi. Lilete ndani ya laptopu kwanza.

CD yenyewe ishike pembeni. Ikiwa na uchafu, ifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, si kwa kuzungusha. Ikikataa kwenye kisomeo kimoja, jaribu kingine. Visomeo hutofautiana sana, na nimeona CD iliyokataliwa na mashine tatu ikasomwa na ya nne, ya zamani kuliko zote, bila kusita. Laptopu nyingi za siku hizi hazina tundu la CD kabisa. Omba cha USB, au nenda kwa mpigapicha wa harusi mjini. Wao bado wanavyo.

Kabla hujafungua, zungumza na kinga ya virusi

Barua za miaka ile zilibeba magonjwa ya miaka ile. ILOVEYOU ilienea dunia nzima Mei 2000, Mydoom ikafuata Januari 2004, na kisanduku cha zamani kinaweza kuwa na viambatisho vya aina hiyo vimelala. Kinga ya virusi ya laptopu mpya inapopita ikakuta kirusi ndani ya Inbox, haijui kwamba ndani ya faili hilo hilo mna barua elfu tatu nzuri. Huweza kulitenga faili zima, au kulifuta. Ukishangaa kwa nini Inbox uliyoinakili jana leo haipo, hapo ndipo pa kutazama kwanza, kwenye orodha ya vitu vilivyotengwa. Mara nyingi unaweza kukirudisha. Iagize kinga isiiguse ile folda ya nakala mpaka utakapomaliza, nawe usifungue kiambatisho chochote chenye tamati ya .exe, .scr, .pif au .vbs, hata kama kimetoka kwa mchungaji wako.

Kuzifungua

Ninapendekeza Thunderbird kuwa makao mapya. Ni ya bure, toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, bado inatunzwa hadi leo, na huweka barua katika muundo wa mbox, ambao ni maandishi ya kawaida. Maana yake ni kwamba hata siku Thunderbird itakapokufa, mjukuu wako ataweza kulifungua faili kwa programu yoyote ya kuandikia na kuyasoma maneno. Sijui sababu nzuri kuliko hiyo ya kuchagua programu ya kutunzia barua.

Ikikuuliza anwani wakati wa kuisakinisha, ipe ile unayoitumia leo, na uchague IMAP, si POP3, ili barua mpya zibaki kwa mwenye huduma pia. Wala huhitaji nenosiri la ile anwani ya zamani. Mwalimu alikuwa na wasiwasi sana juu ya hili. Anwani yake iliishia na africaonline.co.ke na hakukumbuka nenosiri lake hata kidogo. Nenosiri ni la kuchukulia barua posta. Barua ikishafika nyumbani, hakuna anayekuuliza ufunguo wa sanduku la posta ili uisome.

Kwa mafaili ya Thunderbird ya zamani, au lile la Google Takeout, kazi ni nyepesi: funga Thunderbird, nakili faili lisilo na tamati ulitie kwenye folda ya Local Folders iliyo ndani ya wasifu wako (profile) wa Thunderbird, uache .msf, kisha ufungue. Faharasa mpya itajitengeneza yenyewe. La Takeout liondolee tamati yake ya .mbox kwanza. Ukipenda njia ya kubofya, ongeza kiendelezi kiitwacho ImportExportTools NG. Hicho pia ndicho kinachoingiza folda nzima ya barua za .eml kwa mara moja.

Kwa .dbx kuna hatua moja zaidi, kwa sababu Outlook Express haipo kwenye Windows yoyote iliyokuja baada ya XP. Tumia programu ndogo ya bure iitwayo UnDBX. Unaionyesha folda yenye .dbx na folda tupu ya kupokelea, nayo inatoa kila barua kuwa faili moja la .eml, pamoja na viambatisho vyake. Ina pia hali ya kuokoa, kwa faili lililoumia. Na hapa kuna jambo zuri la kujua. Outlook Express ilipofuta barua haikuiondoa kwenye faili mara moja; iliiacha mahali pake mpaka siku faili lilipobanwa. Hivyo hali ya kuokoa wakati mwingine hurudisha hata ulizozifuta mwenyewe. Faili la .dbx lililokaribia gigabaiti mbili litie shaka, kwani hapo ndipo lilipokuwa likifikia kikomo chake na kuharibika.

Inbox ya mwalimu ilikuwa ya megabaiti mia nne na ushee. UnDBX ilipoanza kutoa barua, majina yalipita kwenye skrini moja baada ya jingine, kila faili likiwa limebeba kichwa cha barua yake: salamu, matokeo ya muhula, theluji, theluji tena, "baba mguu wako unaendeleaje". Alivua miwani akaipangusa kwa koti, akaivaa, akaivua tena.

Kwa .pst, njia ya uhakika ni Outlook yenyewe, ile ya Office ambayo sasa huitwa Outlook classic. Outlook mpya inayokuja na Windows 11 haifanyi kazi zote za .pst kama ya zamani. Ingia File, kisha Open & Export, uielekeze kwenye nakala yako. Likigoma, kuna kifaa cha kulitengeneza kiitwacho scanpst.exe, kimefichwa ndani ya folda ya Office. Kitumie kwenye nakala tu. Mafaili ya .pst ya Outlook 2002 na kurudi nyuma yalikuwa na kikomo cha gigabaiti mbili, na ukikuta lako limefika hapo, karibu hakika lina jeraha. Kama huna Office, mtafute kijana anayetumia Linux, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu au wa kile cha Sayansi na Teknolojia cha Meru pale Nchiru. Programu ya readpst italigeuza kuwa mbox kwa dakika chache, nawe umlipe kijana haki yake.

Maneno yakitoka yamepinda

Waliokuwa wakiandikiana kwa Kiswahili na Kiingereza hawatapata taabu. Taabu iko kwa lugha zetu za nyumbani, zenye ĩ na ũ. Wengi wakati ule waliandika i na u tupu, kwa sababu kibodi haikuwa na alama, na barua hizo zinasomeka vizuri. Lakini kama mwandishi wako alijitahidi kuweka alama, unaweza kukuta "mũndũ" imegeuka "mÅ©ndÅ©", na "Kĩembu" imekuwa "KÄ©embu". Herufi haijapotea hapo. Ni kompyuta inasoma usimbaji mmoja kana kwamba ni mwingine. Kwenye menyu ya View ya Thunderbird kuna amri ya kurekebisha usimbaji wa maandishi, Repair Text Encoding; ibofye, mara nyingi maneno hunyooka. Ikiwa amri hiyo haisaidii, kumbuka tu kwamba popote unapoona Å© ni ũ, na Ä© ni ĩ, nawe utasoma barua yote.

Pakiwa na alama ya kuuliza, "m?nd?", hapo herufi ilipotea siku ile ile barua ilipotumwa, kwa kuwa usimbaji wa wakati ule haukuwa na nafasi yake. Hakuna programu itakayoirudisha. Aliyetumia kofia, î na û, alikuwa na bahati, maana hizo zilikuwamo kwenye usimbaji wa Ulaya Magharibi.

Viambatisho vya zamani vifungue kwa LibreOffice. Husoma .doc za zamani sana, WordPerfect, hata .wps za Microsoft Works.

Zikiwa za kesi

Watu huja kwangu kwa sababu ya mapenzi, na wengine kwa sababu ya shamba. Ndugu aliandika kutoka ughaibuni mwaka 2005 akikubali kipande fulani kiende kwa nani, na leo ndugu huyo hayupo. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, Sura ya 80, katika kifungu cha 106B, inaruhusu rekodi za kielektroniki kupokelewa mahakamani, pamoja na cheti kinachoeleza rekodi ilitolewaje na kwa kifaa gani. Kwa hiyo karatasi uliyochapisha saiba peke yake haitoshi. Hifadhi diski ya asili bila kuigusa, andika tarehe uliyoinakili na nani alikuwapo, na barua yenyewe uitunze ikiwa faili la .eml, kwa sababu ndani yake mna vichwa vinavyoonyesha ilipita seva gani na saa ngapi. Ukiituma upya kwa wakili kwa kubofya "forward", vichwa hivyo hupotea. Mpe faili. Ukishajua jambo ni la kesi, simamisha kazi zote, hata za kuokoa, mpaka umwone wakili.

Na ukifungua kisanduku cha marehemu, au cha ofisi uliyowahi kufanyia kazi, kumbuka humo mna maisha ya watu wengine. Chukua ulichokuja kuchukua. Barua za kanisa, za kliniki, za chama cha ushirika, zina mambo ya watu ambao hawakukupa ruhusa, na tangu mwaka 2019 tuna Sheria ya Kulinda Data inayowatetea.

Zikae wapi sasa

Weka nakala tatu: moja kwenye laptopu, moja kwenye diski ya nje, na ya tatu nje ya nyumba yako kabisa. Ukiwa Embu, mpe dada yako aliye Meru. Moto, wezi na mvua inayopenya paa haviwezi kufika nyumba zote mbili usiku mmoja. Kuzipandisha Gmail kunawezekana, kwa kuburuta folda ndani ya Thunderbird, lakini gigabaiti 15 za bure hugawanwa na picha zako na Drive, na bando litaliwa; kama ni lazima, buruta mia mia, si zote kwa pamoja. Flashi usiitegemee kuwa ghala. Na ile ya bei ya kutupa sokoni inayodai ina terabaiti mbili, ijaribu kwanza kwa programu ya H2testw, kwa sababu ziko nyingi zinazosema uongo juu ya ukubwa wao, nazo hupokea barua zako na kuzimeza bila kukuambia.

Barua chache zile unazozijua kwa moyo, zichapishe. Mwalimu alichapisha kumi na moja.

Sanduku lenyewe, likishatolewa diski, linaweza kwenda kwa fundi wa vipuri au kwa shule jirani. Diski ibaki nawe. Itie kwenye mfuko wa plastiki mkavu pamoja na kile kifuko kidogo cha kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya, bandika karatasi, na uandike kwa peni: jina la mwenyewe, programu ya barua, mwaka wa kwanza na wa mwisho, na mahali nakala zilipo. Anayekuja baada yako akiukuta mfuko huo asilazimike kubahatisha.